Popo Wawili wa Jiwe la Kijani

Dada yangu alipojifungua, jirani yetu wa mlango wa pili alimletea mtoto zawadi. Alikuwa bibi wa Kichina, mjane wa mnunuzi wa majongoo ya pwani. Siku zile sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na wengine walituletea vitu hivyo. Yeye alileta jiwe la kijani, dogo kama kungumanga, limetobolewa tundu la uzi. Juu yake walichongwa popo wawili waliokunjua mbawa, wameegemea tunda.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mgeni alipotoka, akaligeuzageuza.

"Popo na embe lao! Mtoto hata arobaini hajatimiza, avishwe mnyama wa usiku? Kalirudishe."

"Ntamwambia nini, mama?"

"Kwani huna mdomo?"

Sikuwa nao. Hata shikamoo nilikuwa nikijizoeza kwanza ngazini. Kumrudishia mtu mzima zawadi yake niliona ni kumtemea mate. Nikawaza: popo waondolewe, jiwe libaki, na kila mtu ataridhika.

Nikalipeleka kwa sonara. Akacheka.

"Binti, mimi nafua dhahabu. Jiwe hili litaila tupa yangu."

"Mbawa tu, mzee. Kidogo tu."

Akalibana kwa koleo, akagonga patasi. Likapasuka vipande vitatu.

"Si nlikwambia?"

Nilivifunga vipande kwenye ncha ya kanga, nikaenda kuvitupa pwani. Mama sikumwambia. Alidhani nimelirudisha.

Siku ya arobaini bibi alikuja na wanawake wengine. Baada ya dua alimpakata mtoto, akampapasa shingoni.

"Jiwe langu liko wapi?"

Dada akamtazama mama. Bibi akatabasamu, akadhani hatujui matumizi yake.

"Kwetu popo ni baraka, wala hatumwogopi. Na lile tunda ni umri mrefu. Mama yangu alinivisha mimi nikiwa mchanga hivi. Sikujaaliwa mtoto wa kumvisha, ndiyo nikasema avae huyu."

Mama akanikazia macho. Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa machache tu.

"Limeanguka, bibi," nikasema. "Jana. Humu humu ndani."

Alimrudishia dada mtoto wake, akapiga magoti. Akaanza kupapasa chini ya kitanda, akikunjua pembe za mkeka, akipitisha vidole kwenye nyufa za sakafu. Wanawake wakaacha sahani zao, wakamsaidia. Mama peke yake hakuinama.

Nami nikapiga magoti ubavuni mwa bibi, nikapapasa sakafu ile ile, pahala nilipojua hapana kitu. Aliona machozi yangu.

"Usilie, mwanangu," akanambia, mkono wake ungali chini ya kitanda. "Litaonekana tu."