Wimbo wa Kiarmenia Uliomwingia Liban

Wengine wakisikia harufu ya ubani hukumbuka arusi. Mimi hukumbuka piano. Najua vitu hivi viwili havina ujirani, kwa hiyo niruhusu nikueleze polepole jinsi vilivyokutana nyumbani kwetu Garissa nilipokuwa na miaka tisa, na jinsi nilivyotetemeka kwa hofu saa saba mchana, katika lile joto letu ambalo hata mbuzi hulikimbia.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa amepanga daktari wa kike kutoka Armenia. Nchi hiyo hatukuijua. Mtaani tuliamua tu kwamba itakuwa karibu na Uturuki, na hapo hatukukosea sana. Jina lake lilikuwa Anahit, watoto wakamwita Daktari Ana. Alikuja na piano ya umeme, ndefu kama jeneza la mtoto, na umeme ukipotea wimbo ulikatika papo hapo. Sisi tuliiita "biano", maana ndimi zetu haziipendi sana p.

Hooyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama, alimuuzia maziwa ya ngamia. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kidumu kila siku baada ya swala ya alasiri. Nilivua ndala, nikasimama mlangoni, nikamsikiliza mpaka amalize. Hakuwahi kunifukuza.

Alipiga nyimbo za watu wa vijijini kwao, nyimbo ambazo zamani ziliimbwa kwa mdomo tu, shambani na kwenye maombolezo, mpaka watu wakakaa na kuzipanga upya kwa ajili ya piano peke yake. Fikiria ugumu wa kazi hiyo. Vidole kumi vinatakiwa viwe mwimbaji, viwe watu wanaomwitikia, viwe hata mwendo wa wanyama. Tena sauti ya mtu inaweza kuteleza kutoka juu hadi chini kama maji kwenye mteremko, lakini piano haiwezi kuteleza. Ukibonyeza inalia, ukiachia inanyamaza. Kwa hiyo waliopanga waliweka vinoti vidogo vya haraka pembeni ya noti kubwa, na sikio lako likadanganyika kwamba limesikia mtu akilia.

Wimbo mmoja ndio ulioniganda. Mkono wa kushoto ulirudia noti mbili zilezile, nzito, kama kwato. Wa kulia ulipanda, ukatetemeka, halafu ukanyamaza katikati kabisa, kama mtu aliyeita na sasa anasikiliza. Nilirudi nyumbani nao. Niliosha vyombo nao.

Wakati huo ayeeyo, yaani nyanya yangu, alikuwa amekuja kutoka Buna kutibiwa magoti. Siku moja, akichambua mchele, alituambia habari za mapepo kwa sauti ileile ambayo mtu husemea habari za mafua.

"Kila pepo ana wimbo wake," alisema. "Ukipigwa, anakuja. Na ukimwona mtu anaimba kitu hajui kimetoka wapi, basi mwenye wimbo ameshaingia ndani, amekaa."

Nilifunga mdomo. Wimbo ulikuwa kooni mwangu wakati huohuo.

Nilijaribu kuutoa. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilitembea nimeziba masikio, mpaka nikagonga mlango wa choo. Nilisoma sura zote fupi nilizozihifadhi, nao wimbo ulikaa kwa adabu ukanisubiri nimalize, kisha ukaendelea palepale ulipoishia.

Mdogo wangu Liban alikuwa na miaka miwili. Ijumaa moja nilimbeba mgongoni kwa shuka, naye akasumbua sana, mpaka nikajisahau nikaanza kuuvumisha ule wimbo puani. Akalala mara moja. Nilifurahi kabisa.

Asubuhi yake aliamka anawaka moto. Hooyo alimpa dawa ya maji ya homa, akamfuta kwa kitambaa. Mchana mwili wake ukakakamaa. Macho yakapanda juu, meno yakabana, mikono ikaanza kurukaruka. Degedege.

Ayeeyo alikuwa tayari ameshatia ubani kwenye chetezo. "Mleteni kwenye moshi!"

"Ayeeyo, mtoto ana homa!" hooyo akasema. "Huyu ni wa hospitali!"

"Utampeleka na nini? Na punda? Baba yake na gari wako Wajir."

Kisha ayeeyo akauliza, "Jana nani alikuwa na mtoto?"

"Sahra," hooyo akasema.

Wote wawili walinitazama kupitia moshi. Nilihisi baridi ikinishuka mgongoni, pale ambapo Liban alikuwa amelalia. Nikiwaambia, ayeeyo hataruhusu atoke nyumbani mpaka pepo atolewe. Nikinyamaza, atakufa na mimi ndiye niliyempa wimbo. Nikageuka nikakimbia.

Sikuvaa ndala. Mchanga uliniunguza nyayo na sikujali. Ilikuwa Jumamosi, na Daktari Ana alikuwa mezani anakula tikiti maji.

"Toa wimbo wako!" nilipiga kelele. "Umemwingia Liban! Ni mimi nilimpa! Utoe, anakufa!"

Aliweka kisu chini. "Sahra. Liban anafanya nini? Nionyeshe."

Nilikakamaza mikono, nikageuza macho juu. Nilipoyarudisha alikuwa ameshachukua mkoba wake na yuko nje, naye hana viatu.

Nyumbani alimlaza Liban kwa ubavu, akamvua nguo, akaomba chetezo kitolewe. Ayeeyo akawaka. "Wewe mwanamke, huo moshi ndio unamsaidia!"

"Mama, anataka hewa," daktari alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe soma dua. Mimi nashika mtoto."

Ayeeyo alimtazama, akakitoa chetezo yeye mwenyewe, akarudi akaanza kusoma. Daktari alimpa Liban dawa. Taratibu mikono ile midogo ikalegea. Wakampakia kwenye gari la daktari, wakaondoka na hooyo.

Kuanzia hapo mpaka karibu na magharibi sijui nikuelezeje. Wimbo bado ulikuwa unatembea kooni. Niliuma pindo la hijabu yangu ili usitoke ukamfuata hospitalini.

"Una nini mdomoni?" ayeeyo aliuliza.

"Hakuna."

"Basi acha kula nguo. Mama yako hajamaliza kuilipia."

Simu ilipolia, nilisogea karibu na ayeeyo nisikie. Ni malaria, hooyo alisema. Ameanza dawa. Ameamka, anadai biskuti.

Siku ya tatu walirudi, na majirani wakajaa uani. Walimuuliza daktari alijuaje. Akasema, "Sahra alikuja kuniita." Basi. Hooyo alinikumbatia mbele ya watu, ayeeyo akanibariki, akaniita msichana mwenye akili. Nilizimeza sifa zile kama nyama ya wizi. Nilijiambia kwamba Kiswahili cha daktari ni kidogo, kwamba hakuelewa nilichomkiri.

Niliendelea kupeleka maziwa, lakini nyumba yake ilikuwa kimya. Piano ilifunikwa kitambaa. Wiki zikapita. Liban alinenepa, akaanza kufukuza kuku. Siku moja ujasiri ukanijia.

"Biano imeharibika?"

"Hapana. Nzima."

"Mbona hupigi?"

"Unataka nipige?"

Nilifikiri sana. Kisha nikauvumisha ule wimbo kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikaa akaupiga wote. Alipomaliza akaniambia ni wimbo wa mkulima anayelima mlimani, anawaimbia ng'ombe wake wasichoke. Pale unaponyamaza, ng'ombe wanageuka mwisho wa shamba.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Nilipomweleza ayeeyo, alicheka mpaka akashika magoti. "Kumbe ni kama sisi tukiwaimbia ngamia tunapowanywesha kisimani!"

Leo mimi ni mwalimu, na watoto hunijia mbio na maelezo ambayo si sahihi juu ya jambo ambalo ni kweli kabisa. Najifunza kusikiliza yote mawili. Na sasa najua kwamba daktari yeyote aliyefanya kazi huku husikia "ameingiwa" kila wiki. Daktari Ana alinielewa neno kwa neno. Alichagua la kuwaambia watu, kisha akajinyima nyimbo za kwao, peke yake katika mji wa ugenini, mpaka hofu yangu iishe yenyewe. Miaka yote ile nilidhani nimemficha. Kumbe yeye ndiye aliyenificha mimi.