Bibi Yangu na Elektroni

Nafundisha kemia hapa Bagamoyo, na mada ya atomu hunitoa jasho. Wanafunzi wanataka elektroni izunguke kiini kama ngamia wa kinu cha ufuta. Nawaambia haina njia maalumu. Kuna wingu tu, mahali inapoelekea kupatikana na mahali inapopatikana kwa nadra. Wananikodolea macho. Basi nawasimulia habari za bibi yangu.

Siku washenga walipotarajiwa kuja kuniposa, bibi alitoweka. Kwetu posa haijibiwi bila yeye, na yule kijana nilimtaka, jamani, nilimtaka hasa! Baba, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa, akanifuata jikoni.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Huenda yuko kwa shangazi. Au kwa mpika vitumbua. Kwa wifi yake sidhani, maana wale hawakai ukumbi mmoja mpaka mmoja ampe mwenzake mgongo."

"Nimeuliza yuko wapi, sikuuliza huenda!"

"Baba, hilo ndilo jibu lenyewe."

Alinitazama kama mtu anayejuta kunisomesha.

Tukatuma watu. Tabu ni kwamba bibi akisikia anatafutwa, huondoka. Kule kumtafuta ndiko kunakomhamisha. Kwa shangazi walikuta kikombe chake cha chai, bado cha moto. Kwa mpika vitumbua walikuta kanga yake kitini. Njiani hakuna aliyemwona. Yeye huwa nyumba hii, kisha nyumba ile, katikati hayupo.

Mimi nikalia huku nimeinamia birika la kahawa. Washenga wakiondoka bila jibu, wangesema tumewakataa.

Mara hodi. Washenga wakaingia, wakaketi kwenye mkeka wao, na katikati yao, ametulia tuli, bibi.

"Mama!" baba akamaka. "Mbona uko upande huo?"

"Nilikwenda kumkagua mume wetu. Nimekula na wali wao, haukuungua. Sasa nimekuja kumposa mke mwenzangu."

"Haya, na sisi huku nani atatujibia?"

Baba aliinama kidogo tu kumimina kahawa. Alipoinua uso, bibi alikuwa kwenye mkeka wetu, anajikohoza.

"Tumekubali," akasema.

Nikapiga kigelegele changu mwenyewe, bila haya. Mpaka leo baba anaapa kwamba hakumwona akivuka.