Fundi wa Miguu Aliyepandisha Dau la Jina Lake Mwenyewe

Saa mbili na robo asubuhi, fundi anabana kibati cha alumini kwenye jiliwa, anavaa miwani, kisha anagonga herufi ya kwanza. Anagonga pigo moja tu. Akirudia, herufi hutoka na kivuli, na kibati huishia kwenye ndoo ya takataka.

Kibati chenyewe hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Juu anapiga namba, na leo ni 613. Chini ya namba anapiga anwani ya tovuti: tembeatena, nukta, na herufi tatu za mwisho. Akimaliza atakipigilia kwa ribiti mbili ndani ya kikombe cha mguu wa bandia, karibu na ukingo, pale ambapo mvaaji akivua mguu anaweza kusoma.

"Wengine hutia alama yao nje ili waonekane," anasema huku akipuliza chembechembe za bati. "Mimi natia ndani. Anayeihitaji ni yule aliyeharibikiwa."

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Ukutani zimening'inia tupa za kila ukubwa, na rafu nzima imejaa kalibu za plasta zenye umbo la mapaja na magoti ya watu. Karibu na mlango mkewe anashona mikanda na soksi za kigutu. Wateja humwita fundi huyu Fundi Mguu. Mkewe naye humwita hivyo siku akitaka kumchokoza.

Ana miaka sitini na mitatu, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kwenye kazi hii. Mwezi mzuri anamaliza miguu minne, mwezi mbaya mmoja. Akishanunua plastiki na magoti ya chuma, kinachobaki hakizidi mshahara wa karani wa ngazi ya chini. Hata hivyo, mazungumzo naye hayaendi dakika kumi bila kusikia neno asante. Mwaka huu anamshukuru hasa mtu mmoja aliyemsaidia kabla hawajawahi kuonana.

Miguu ya kwanza aliipiga namba ya simu. Namba hiyo ilikufa, akapata nyingine, nayo ikafa. Ndipo binti yake, aliyekuwa ameajiriwa kwenye ofisi ya kompyuta, akamtengenezea tovuti. Kila mguu una ukurasa wake humo: vipimo, aina ya goti, skrubu za ukubwa gani, unyayo wa namba ngapi. Mguu ukivunjika mbali na nyumbani, fundi yeyote anasoma kibati, anafungua ukurasa kwenye simu, na anajua afanye nini.

Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, jina la tovuti halinunuliwi likawa lako moja kwa moja. Unalisajili kwenye kampuni na kulilipia kwa muda. Muda ukiisha, unalipia upya. Binti alilipia miaka kumi kwa mkupuo mmoja, akaandikisha jina la baba yake, lakini barua pepe ya ofisini kwake mwenyewe. Baadaye aliacha ile kazi, akahamia mbali na mumewe, na ile barua pepe ikafungwa.

"Miaka kumi ni mingi," anasema fundi. "Mtu husahau hata alichokula jana. Simlaumu binti yangu. Alinipa kitu kilichofanya kazi miaka kumi, nani mwingine amenipa hicho?"

Kampuni ilituma barua pepe tatu za kukumbusha. Zote zilikwenda kwenye sanduku lisilo na mtu.

Habari zilimfikia kwa mwalimu mstaafu, mvaaji wa mguu namba 214. Alikuwa amemtembelea dada yake katika mji wa mbali, unyayo ukapasuka akishuka ngazi. Fundi wa huko alisoma kibati, akaandika anwani, na badala ya vipimo akakuta tangazo: jina hili liko mnadani, dau la sasa ni kiasi fulani, mnada unafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Mwalimu alipiga simu palepale.

"Fundi, umefunga kazi hata kutuaga hukutuaga?"

"Nimefunga nini, Mwalimu? Nina plasta mpaka kwenye nyusi hapa."

"Basi mbona unauzwa?"

"Nauzwa na nani?"

Alipoona tangazo hilo kwa macho yake, anasema, alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwa amewahi kukikalia. Miguu mia sita na zaidi ilikuwa mitaani, na mamia kati ya hiyo ilikuwa na anwani ile iliyopigwa kwenye bati. Angeweza kufungua tovuti yenye jina jingine, lakini asingeweza kuwavua watu wote miguu ili abadilishe kibati. Atakayelinunua jina angeweza kuweka humo chochote: kamari, dawa za uongo, hata karakana ya kulaghai watu.

Aliiandikia kampuni. Jibu lilikuja baada ya saa chache, la adabu na fupi: muda wa jina ulikwisha, jina liko mnadani, mteja anakaribishwa kushiriki kama washiriki wengine.

Naye akashiriki. Kwanza aliandika ujumbe kwenye kundi la simu la wavaaji wake, kwamba jina linauzwa na wasishangae. Hakuwaambia kwamba analigombea, kwa sababu aliwajua. Wangechanga, naye hakutaka mtu aliyemaliza jana kulipia mguu aanze leo kulipia jina.

Washiriki wa mnada hawaonyeshwi kwa majina, kila mmoja ana namba. Fundi alikuwa namba 34. Alipoweka dau, namba 27 alipandisha. Fundi akapandisha, namba 31 akaruka juu yake. Hadi Jumatano asubuhi dau lilikuwa limefikia bei ya miguu miwili, yenye magoti na kila kitu.

"Unapigana na nani?" mkewe alimuuliza kutoka kwenye cherehani.

"Namba ishirini na saba."

"Ana nini na wewe?"

"Sijui. Ila ana roho ngumu. Nikiweka tu, na yeye huyo."

"Labda na yeye mkewe anamuuliza hivi hivi," alisema mama huyo, akaendelea kushona.

Jumatano hiyo, saa saba mchana, simu iliita. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, na nyuma yake kulisikika watu wakipanda na kushuka ngazi.

"Shikamoo baba. Samahani, nafanya kazi kwenye kampuni ya majina. Wewe ndiye mwenye jina hili la tembeatena?"

"Marahaba. Mwenyewe nilikuwa mimi. Sasa naligombea kama mtu yeyote."

"Ndiyo maana nimepiga. Mbona unalinunua?"

"Mmeniambia ninunue, binti."

Mwanamke huyo akashusha sauti.

"Hukuambiwa kwamba mwenye jina anaruhusiwa kulikomboa mpaka mnada ufungwe? Unalipa ada ya mwaka na faini, basi. Hata kama dau limefika mbinguni, mnada unafutwa."

"Hayo yameandikwa wapi?"

"Kwenye masharti. Kifungu cha thelathini na kitu. Hakuna anayefika huko."

Mpigaji huyo ni karani wa kampuni ileile. Kazi yake ni kuhakiki orodha ya washiriki wa minada. Siku hiyo aliona jina la mshiriki namba 34 likifanana na jina la mwenye tovuti wa zamani. Alitafuta simu ya karakana kwenye kurasa za zamani, akasubiri muda wa chakula, akatoka hadi kwenye ngazi na kupiga kwa simu yake na kwa salio lake.

"Hakuna kanuni inayonikataza kumpigia mteja," ameniambia. "Hakuna inayoniagiza pia. Nilijiuliza tu, huyu angekuwa baba yangu ningekula chakula changu kikashuka?"

Msimamizi wa minada wa kampuni hiyo ana maelezo yake, na ni haki yasikike. Anasema majina maelfu huisha muda kila mwezi, mengi yametelekezwa, na barua pepe tatu zinatosha kwa mtu anayejali mali yake. "Jina ni kama chumba cha kupanga," anasema. "Mkataba ukiisha, chumba kinapata mtu mwingine."

Fundi, alipoelezwa hayo, alikuna kidevu kwa kipini cha nyundo. "Sawa, chumba cha kupanga. Lakini mwenye nyumba hugonga mlango kwanza. Na akimkuta mpangaji ndani ameshika kodi mkononi, hamwambii ashindane na walio nje."

Nilipomuuliza msimamizi fedha za mnada huenda kwa nani, alijibu bila kuzunguka kwamba huenda kwa kampuni. Mwenye jina wa zamani hapati kitu. Ukombozi huiletea kampuni ada na faini tu, mnada huleta zaidi ya hapo mara nyingi. Ndiyo kusema anayepaswa kukuamsha ndiye anayefaidika ukiendelea kulala. Msimamizi anakiri kwamba jibu alilopewa fundi lilikuwa la kweli lakini halikuwa kamili.

Alhamisi asubuhi fundi alifika kwenye ofisi za kampuni akiwa na risiti ya kwanza ya binti yake na kitambulisho. Alilipa ada na faini, ambazo kwa pamoja hazikufikia bei ya unyayo mmoja. Mnada ukafutwa na tovuti ikarudi. Kabla ya kuondoka aliomba amwone karani, na karani akateremka.

"Nilidhani nitakuwa na maneno mengi," anakumbuka. "Nikamshika mkono tu. Yeye akanitazama miguu, nadhani alitarajia na mimi nina wa bandia."

Jumamosi mwalimu alirudi kutoka kwa dada yake na kufika karakana kubadilishiwa unyayo. Alikaa, akavua mguu, akaanza kuomba radhi.

"Fundi, nilitaka kukununulia lile jina liwe zawadi. Kulikuwa na mtu mmoja hana haya hata kidogo. Kila nikiweka, anapanda. Nimemlaani kila asubuhi."

"Mtu gani huyo?"

"Namba thelathini na nne."

Mkewe aliacha kushona. Fundi aliweka bisibisi mezani.

"Mwalimu, wewe ulikuwa namba ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Basi umenilaani mimi."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Wiki ile ile alijitokeza pia namba 31, fundi baiskeli anayevaa mguu namba 388, ambaye naye hakutaka kumwambia mtu mpaka zawadi iwe mkononi. Kila mmoja alificha wema wake, na walipokutana mnadani wakakabana koo. Mgeni pekee aliyewahi kulitaka jina hilo aliweka dau dogo mara mbili siku ya kwanza, akaondoka. Bei nyingine yote waliipandisha wao kwa wao, kwa kupendana, na kama si simu ya karani, mapenzi hayo yangeingia kwenye hazina ya kampuni.

"Nikifikiri juu ya fedha, naona hasira," anasema fundi. "Nikifikiri ni akina nani walikuwa wananipandishia, nakosa pa kuiweka hiyo hasira."

Ameiandikia kampuni barua, akaandika mwenyewe kwa mkono na kunakili mara mbili. Anaomba mambo mawili: simu moja kwa mwenye jina kabla ya mnada, na haki ya kukomboa iandikwe kwenye jibu la kwanza, siyo kifungu cha thelathini na kitu. Ombi la pili limekubaliwa, na karani ndiye aliyepewa kazi ya kuandika sentensi hiyo mpya. La simu bado linajadiliwa. Karani anasema huku likijadiliwa, yeye anaendelea kula chakula cha mchana kwenye ngazi, simu mkononi.

Lakini fundi hataki tena jina likae kwa mtu mmoja, hata akiwa yeye. Mguu mzuri unaweza kumzidi umri aliyeutengeneza. Anataka jina liandikishwe kwa chama cha wavaaji, na ukumbusho uende kwenye simu tano tofauti, ya mwalimu ikiwa ya kwanza. Karani ameahidi kuja siku yake ya mapumziko kuwaonyesha namna ya kujaza fomu.

Mkutano wa kukianzisha chama ni Jumatatu ijayo, hapohapo karakana. Hadi sasa wavaaji ishirini na watatu wamesema watakuja. Mkewe amehesabu viti, vimefika vinane, na anauliza wengine watakaa wapi.

"Watasimama," anasema Fundi Mguu, akirudi kwenye jiliwa. "Miguu yao naijua."