Nilimsingizia Marehemu Baba Ndoto

Admin, jina langu usiliweke, humu wamejaa watu wa Karatu wanaonijua. Nina miaka 36, nafua mashuka kwenye loji moja hapa mjini. Kwetu ni Kansay, na huko nasifika kwa ndoto. Niliwahi kuota korongo limejaa, nikamzuia kaka asivuke na ng'ombe, na kweli siku hiyo maji yakaja. Tangu hapo nikisema nimeota, mama anaacha hata kula ili anisikilize.

Mdogo wangu wa kike ndiye anayemuuguza mama, maana miguu imemgomea. Mwaka jana akaleta mchumba, kijana wa Kimasai kutoka Kakesio, mpole, mwenye adabu zake. Kila mtu alimpenda. Mimi nikawaza jambo moja tu: mdogo wangu akiolewa, wa kurudi nyumbani kumwogesha mama ni mimi. Naona aibu hata kuliandika.

Baba enzi za uhai wake, mgeni asiyemtaka alikuwa anamlazia fimbo mlangoni. Nyumbani wote tunajua. Basi siku ya kikao cha posa nikafungua mdomo wangu huu: "Jana nimemwota baba. Kalaza fimbo mlangoni, huyu kijana yuko nje." Jamani, sikuota kitu! Nililala fofofo mpaka asubuhi. Mama akalia, akasema, "Marehemu amekataa, basi." Wazee wa kijana wakaaga, wakaondoka. Mdogo wangu alichukua kibuyu akaenda kukamua.

Sasa namwota baba kweli. Amekaa mlangoni, fimbo kaiegemeza ukutani. Namwamkia, haitikii. Wengine wakiota huja kwangu niwaambie maana, mimi niende kwa nani? Na maana yenyewe naijua.

Kijana hajaoa mpaka leo. Jumamosi hii wazee wake wanarudi kwa mara ya mwisho. Jana mdogo wangu kanipigia, anaongea taratibu mama asisikie: "Dada, mimi sikulaumu, ndoto hukuichagua wewe. Ila nakuomba siku hizi ulale mapema. Labda baba ataondoa fimbo."

Nilikata simu nikalia juu ya mashuka ya watu.

Nikisema baba ameiondoa, ataolewa na hakuna atakayejua, ila nitakuwa nimemsingizia marehemu mara ya pili. Nikisema ukweli, nitamtazamaje mdogo wangu? Nitukaneni kwanza, nastahili. Mkimaliza mniambie nifanyeje, Jumamosi ni keshokutwa.