Kuni Mbichi za Miwati

Utotoni mwangu hakuna aliyeniweza kwa kusimulia, tangu Kalenga hadi mwisho wa kata yetu, na hata leo nikiingia kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, watu husogea kunipisha nikae. Nimewasimulia chui niliyemfukuza kwa mwiko. Nimewasimulia samaki wa Ruaha aliyenivuta hadi kiunoni. Wanacheka, wananijazia kopo. Lakini hili la kuni mbichi sijapata kulisimulia kilabuni. Hili siliongezi chumvi, maana lilikuja na chumvi yake.

Ilikuwa miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Mama mdogo Konsolata alikuwa ameanika maharage uani, wingu likaja jeusi kutoka milimani, na Tasiana, binti yake mkubwa, rika langu, akatoka mbio kuyaanua. Alifika nusu ya njia. Mwanga ukapita, kishindo kikafuata, nasi tuliokuwa mlangoni tukaanguka wote. Tulipoinuka, Tasiana hakuinuka.

Mama mdogo alifungua kinywa. Bibi, mama yake, akakiziba kwa kiganja.

"Usilie!" alimwambia. "Aliyechukuliwa na radi haliliwi. Ukilia inasikia, inarudi kumfuata anayeita. Una mwingine mgongoni, Konsolata. Usilie."

Wa mgongoni alikuwa Deo, bado ananyonya. Mama mdogo akameza kile kilio. Nilikiona kikishuka kooni, kama mtu anayemeza ugali bila mboga.

Mazishi yale yalikuwa ya kimya kabisa. Sijaona tena watu wengi vile wakinyamaza pamoja. Katekista wetu, Mwalimu Kasiani, ndiye peke yake aliyesikika: "Sisi tulimpenda Tasiana, lakini Mungu amempenda zaidi."

Basi neno hilo likaniingia vibaya. Mimi pale kigangoni ndiye niliyekuwa naimba kuliko wote, sala zote nazijua, hata zile ndefu za wakubwa. Bibi mwenyewe alikuwa akisema Mungu ananipenda sana mtoto huyu. Sasa nikapiga hesabu yangu: kama Tasiana, aliyekuwa anasinzia kwenye rozari, amependwa namna ile, mimi nitapona? Wingu lijalo ni langu.

Nikaanza kujiharibia jina mbinguni. Nikaimba kwa sauti ya mbuzi. Nikaacha ishara ya msalaba. Usiku nikawa najichongea mwenyewe: Mungu, mimi ni mtoto mbaya, muulize hata mwalimu mkuu.

Mwalimu Kasiani akanikamata sikio baada ya ibada. "We mtoto, una pepo gani?"

"Mwalimu, Mungu akinipenda kidogo tu, si inatosha?"

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki. Nikamuuliza lililonikaa: "Tasiana alimkosea nini? Kama hakumkosea, na Mungu ni mwema, kwa nini ampige, na mama yake asiruhusiwe hata kulia?"

Alivua kofia, akaitazama ndani kama vile jibu liko humo, akaivaa tena. "Kuhusu radi, mwanangu," alisema, "mimi nilifundishwa sala. Hilo sikufundishwa."

Nilimdharau siku ile. Leo namheshimu, maana nimekutana na wengi waliosoma zaidi yake, na wote walijibu haraka.

Nyumbani mambo yalikuwa yanazidi. Mama mdogo alikuwa amekauka. Hali, hasemi, macho makavu kama mawe ya mafiga. Halafu maziwa yakakata. Deo anavuta, hapati, analia kwa niaba ya nyumba nzima, kisha akaanza kuchoka hata kulia. Tulimpa uji mwepesi, akautema. Majirani wakaanza kumtazama yule mtoto kwa namna ambayo hata mimi niliielewa.

Mchana mmoja Bibi akaniambia, "Kalete kuni."

Mimi mwenye sifa zangu nikaleta mzigo mkubwa, kavu tupu, zinalia kama njuga. Bibi akauangalia, akausukuma kwa mguu.

"Nani kakutuma kavu? Mbichi! Za miwati, zinazotoka maji!"

Nikaenda kwenye miti ya miwati, nikakata mbichi. Bibi akawaita wanawake wa jirani, akawaingiza jikoni, akafunga mlango, akaziba na kidirisha kwa gunia. Akazisokomeza zile kuni kwenye mafiga. Moshi uliofumuka mle, jamani! Sikuiona hata mikono yangu.

"Konsolata, mwanangu, puliza moto."

Mama mdogo akainama, akapuliza. Akakohoa. Akapuliza tena. Macho yakaanza kumtoka maji.

"Moshi huo," Bibi akasema taratibu. "Moshi tu. Puliza."

Akapuliza, machozi yakashuka, na mabega yakaanza kutikisika, na pumzi ikawa inakatika katikati ya kupuliza. Wanawake wote wakawa wanafuta macho kwa pembe za vitenge. Bibi akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa nje, akapaza sauti kuelekea mbinguni: "Kuni za leo mbichi jamani! Zinatuumiza macho! Hakuna anayelia humu!"

Kisha akarudi, akakaa chini kando ya binti yake, akalia na yeye.

Nilimsogelea sikioni. "Bibi, na Mungu naye tunamdanganya?"

"Tunaidanganya radi," akanijibu, kamasi zinamtiririka. "Mungu, Nguluvi wetu, kama naye ana macho, basi yuko humu ndani yanamuwasha. Puliza, acha maswali."

Ningekuwa kilabuni ningesema maziwa yalirudi kabla jua halijazama. Hayakurudi. Tulipika kwa kuni mbichi kila siku hadi paa likawa jeusi, na yalirudi kidogo kidogo, kama mtu anayesamehe. Deo leo ana kitambi, anauza mbao Mafinga, na hajui ni moshi gani uliomkuza.

Nami nimezeeka nusu. Sijui bado nani aliituma radi ile. Kama ni Mungu, tuna kesi mimi naye, na nitaisema mbele yake kwa sauti yangu yote, mnaijua. Kumsamehe mchana ule wa maharage sijaweza. Lakini kila nikitaka kumkana, nakumbuka jiko lile, na nashindwa kusema kwamba hakuwemo.

Msibani sisemi Mungu amempenda zaidi. Huwa nachukua panga, naenda kukata kuni. Vijana wanaona mzigo wangu, wanaguna: "Mzee, mbona mbichi hizi?"

Nawaambia wapeleke hivyo hivyo jikoni kwa mama wa marehemu.