Pole Niliyoizuia

Nilipohamia Babati kumfuata mume wangu aliyepewa uhamisho, kila aliyeniuliza kazi yangu nilimjibu kwamba nashauri biashara zinapopatwa na janga: zisemeje mbele ya watu, na zifanyeje ili kazi isisimame. "Kumbe zimamoto," alisema fundi wangu wa cherehani, nami sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya Dar es Salaam miaka mingi, na nilikuwa najiona sana. Hilo naliungama mapema kwa sababu ndilo lililotaka kuniponza.

Mteja wangu wa kwanza hapa alikuwa Hajati, mjane mwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti kule Bonga. Babu zake walitoka pwani, ila yeye kazaliwa hapahapa mjini. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Jumapili palikuwa na sherehe ya kipaimara Nangara, na wageni wengi waliamka wakitapika na kuhara, wachache walilazwa. Pilau ilipikwa kwa mafuta yake. Kabla ya saa nne, sauti ya mtu asiyejulikana ilikwishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mji mzima, ikisema mafuta ya Hajati yana sumu. Mchana watu wakaanza kurudisha madumu getini. Afisa afya, aliyekwisha kuchukua sampuli ya pilau Nangara, akaja akachukua na ya mafuta, akasimamisha mauzo mpaka majibu yatoke.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Kiwanda kikiharibikiwa jina wiki ile, wakulima wangepeleka alizeti kwingine na mwaka mzima mashine zisingekuwa na cha kukamua. Wanawake kumi na wawili walikuwa wakiendesha maisha yao hapo. Hajati aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiki kiwanda tulianza na marehemu kwa mashine moja ya mkono. Kisinifie mimi."

Nikakunja mikono ya shati. Geti halifungwi, nilisema. Tumekatazwa kuuza, hatujakatazwa kupokea. Tuliwapigia wakulima mmoja mmoja, mpaka wa Sigino, kabla uvumi haujawafikia: leteni alizeti, tunapokea na kuhifadhi. Wanawake wakahamia kwenye kupepeta na kushona magunia, na swali lolote kuhusu mafuta likawa linajibiwa na mtu mmoja tu. Kwa hayo najipiga kifua bila haya, maana hakuna mkulima hata mmoja aliyetukimbia.

Alasiri ile Hajati akavaa baibui lake, akachukua sukari na sabuni. "Naenda Nangara kutoa pole," akasema.

Nikasimama mlangoni. "Mama, hapana. Ukienda kutoa pole, umekiri kosa. Tutatoa taarifa ya maandishi."

Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwenye kumbi za hoteli nikiwa na kipaza sauti mkononi. Hajati akavua viatu, akaketi. Aliniamini. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka alivyoniamini.

Taarifa yangu ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na aya nne na muhuri, bila neno la ziada, nikaibandika getini na sokoni. Jumatano asubuhi mwendesha mashine, mzee wa Kiiraqw asiyependa maneno mengi, akanifuata kwenye kibanda nilichokifanya ofisi.

"Mama, ile karatasi watu wameisoma," akasema. "Sasa hawaulizi tena mafuta. Wanauliza kwa nini Hajati hajaenda kutoa pole. Wanasema mtu asiye na kosa angekwenda siku ya kwanza."

Nikamjibu kwa ukali kwamba aniachie kazi yangu. Akaondoka zake, na nilipobaki peke yangu moyo ukanishuka. Mimi ambaye humwambia pole hata mtu nisiyemjua aliyejikwaa barabarani, nilikuwa nimemkataza mama wa makamo kwenda kuwajulia hali wagonjwa. Tangu lini pole ikawa kukiri kosa? Vyeti vilikuwa vimenilevya. Nikaenda kumwomba Hajati radhi, kisha nikamwomba radhi na yule mzee, na saa hiyohiyo tukapanda bajaji kwenda Nangara.

Tulimkuta mama mwenye sherehe amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Uwanja ulikuwa mtupu. Masufuria makubwa yalikuwa bado yamefunikwa chini ya turubai.

"Shikamoo Hajati," alisema, kisha akaanza kulia. "Wewe ndiye wa kwanza kuja. Majirani wananikwepa. Wanasema nimewalisha watu sumu."

Siku tatu nilikuwa napigania jina la mtu mmoja, kumbe yalikuwa mawili. Nilifungua mdomo nianze hoja zangu, Hajati akanifinya mkono. Hakutaja mafuta. Aliuliza hali ya kila mgonjwa, akauliza mtoto wa kipaimara anaendeleaje, akakaa. Mwishowe mwenyeji wetu mwenyewe akasema kwamba alibakiwa na nusu dumu na anaogopa kuligusa.

"Lilete tupike," alisema Hajati.

Sampuli zilikwisha kuchukuliwa, sawa, lakini hakuna mwongozo wowote wa kazi yangu unaomruhusu mteja kula ushahidi. Walikaanga mayai na mchicha, majirani wakichungulia juu ya ua, nasi tukala watatu mpaka sahani zikabaki nyeupe. Usiku sikuumwa hata tumbo.

Wiki iliyofuata majibu yakatoka, afisa afya akayaleta kwetu na Nangara. Mafuta yalikuwa safi. Kilichoharibika ni nyama ya pilau, iliyolala sufuriani tangu Jumamosi. Nikaandika taarifa ya ushindi kwa furaha. Hajati akaisoma, akachukua kalamu, akakata sentensi nzima ya nyama.

"Andika mafuta ni safi, basi."

"Lakini mama, watu watauliza nini kiliwadhuru. Tusipowaambia, hawatarudi."

"Wasirudi. Yule mama wa Nangara ameshasuswa vya kutosha."

Nikaiandika alivyotaka, roho ikiniuma. Asubuhi ya kufungua mauzo, watu kama thelathini walikuja getini, wakasimama upande wa pili wa barabara wakitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Tukangoja. Hajati alikaa kwenye benchi lake, ameshika tasbihi.

Ndipo akaja yule mama wa Nangara na dumu tupu. Alipita katikati ya watu, akafika getini, akawageukia.

"Nyama ililala kwenye sufuria," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ni kosa langu, nimewakosea, naomba mnisamehe. Haya mafuta hayana kosa." Kisha akanyoosha dumu. "Nijazieni."

Vigelegele vilianzia kwa wanawake wa kiwandani, na cha kwanza kabisa, nikiri, kilikuwa changu. Watu wakavuka barabara. Mzee akawasha mashine. Hajati aliinuka, akalipokea dumu kwa mikono miwili, akalijaza mwenyewe mpaka mafuta yakamwagika kwenye viatu vyake.