Tundu la Mgongoni

Fundi wa kufuli wa mtaa wa Munyaka hulipuliza tundu la ufunguo kabla ya kuligusa, polepole, kama mama alivyokuwa akitupozea uji. Kila ufunguo huusugua kwanza kwenye sweta lake la kijani, hata ukiwa safi. Juzi nilimpelekea sanduku lenye barua ambazo baba alimwandikia mama. Mama alilifunga kwa kufuli ya namba, akafariki bila kumwambia mtu namba zenyewe.

“Mzee, kata tu.”

“Nikate? Kwani imekukosea nini?”

Aliigeuza, akanionyesha tundu dogo la ufunguo mgongoni mwake, akajaribu funguo zake moja moja huku akizibembeleza kwa Kikuyu. Wa saba ukazunguka, kufuli ikaachia. Kwa furaha nikanyoosha kidole nichezee zile namba. Akanishika mkono, na sauti yake ikashuka.

“Pole pole, kijana. Huko mbele sijagusa. Ziko vile mama yako aliziacha.”

Nikazitazama: nne, sifuri, tisa, moja. Hazikufungua chochote. Zilikuwa tu mahali ambapo kidole gumba cha mama kiliacha kuzungusha. Nikaendelea kuzitazama, na barua zikangoja.